Jalada Likifika Mezani kwa Mwendesha Mashtaka

Hotuba kwa wasaidizi wa kisheria, Dodoma

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi mliopo, na ninyi wasaidizi wa kisheria mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Bahi na Kondoa, habari za asubuhi. Naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana nimepewa saa moja na nikianza kutaja vyeo saa yenyewe itaishia hapo.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya Mkurugenzi wa Mashtaka katika haki jinai. Mimi niliwahi kuwa wakili wa serikali, leo nasimama upande wa utetezi, kwa hiyo lawama za pande zote mbili nazijua kwa sauti zake. Upande ule unaambiwa unabambikia watu kesi. Upande huu unaambiwa unatetea wezi. Nitakayosema yatakuwa na maoni yangu ndani yake, na asiyekubaliana nami anyooshe mkono tukifika kwenye maswali.

Nianze na mama anayekuja ofisini kwenu Jumatatu. Mwanawe alipigwa, polisi walifungua jalada, mtuhumiwa akafikishwa mahakama ya wilaya. Baadaye wazee wa ukoo wamekaa, mbuzi watatu wametolewa, watu wamepeana mikono. Mama anakuja kuwaambia: "Nimeshasamehe, naomba mniandikie barua nifute kesi yangu." Ninyi mnamwandikia. Anaipeleka, wakili wa serikali anaisoma, anamrudishia na kumwambia tarehe ya kuja kutoa ushahidi. Mama anatoka pale akiamini serikali imeingilia ugomvi usioihusu.

Mama huyo hajakosea kwa ujinga. Kesi anayoijua ni ya mahakama ya mwanzo, ambako mlalamikaji mwenyewe ndiye anayesimama, anaita mashahidi wake, anauliza maswali, na akichoka anaomba kuiondoa. Kesi ikivuka kwenda mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu, jina lake linatoka juu ya hati ya mashtaka na linawekwa "Jamhuri". Yeye anakuwa shahidi. Mara nyingi ni shahidi namba moja, lakini ni shahidi tu, na shahidi hana kesi ya kufuta. Kwa makosa madogo, kama shambulio la kawaida au ugomvi wa watu binafsi usiofikia kosa kubwa, sheria inaruhusu mahakama kuhimiza watu wapatane na shauri likaisha kwa njia hiyo. Hapo barua ya mama ina kazi. Kwa jeraha la panga, kwa ubakaji, kwa unyang'anyi, haina. Mwambieni hivyo mapema, kabla hajatumia nauli.

Basi kama kesi si ya mama, na polisi ni wapelelezi tu, mwenyewe ni nani?

Katiba inajibu katika Ibara ya 59B, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 2005. Kabla ya hapo cheo cha Mkurugenzi wa Mashtaka kilikuwepo, ila kilikuwa kikitajwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai na kukaa chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ibara hiyo ilikipandisha. Rais anamteua mtu mwenye sifa za kuwa wakili, aliyekaa na sifa hizo kwa miaka isiyopungua kumi, naye anapewa mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai nchini. Katika kuyatumia anatakiwa awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na azingatie mambo matatu: haja ya kutenda haki, kuzuia taratibu za kutoa haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Wazanzibari wana Mkurugenzi wao wa Mashtaka kwa Katiba yao wenyewe. Ninayemsema hapa ni yule wa mashauri ya Tanzania Bara.

Mwaka 2008 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka, na kazi ya kuwatoa askari polisi kwenye viti vya uendeshaji mashtaka ikaanza kwa mkoa mmoja mmoja. Wakubwa wenzangu mnakumbuka: mkaguzi wa polisi aliyempeleleza mtu ofisi ya nyuma, mwenzake wa kituo hicho hicho ndiye anayesimama mahakamani kumshtaki. Februari 2018 ofisi yenyewe ikatenganishwa na ya Mwanasheria Mkuu, ikawa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mwaka 2021 Sylvester Mwakitalu aliteuliwa kuiongoza, akimpokea Biswalo Mganga. Historia yake inatosha.

Sasa twende chumbani. Watu wengi wanamwona mwendesha mashtaka akiwa amesimama mahakamani, suti nyeusi, anahoji. Kazi yake kubwa imeshafanyika kabla ya siku hiyo, mezani, mlango umefungwa, mbele yake kuna jalada la polisi.

Lifungueni pamoja nami. Kuna maelezo ya mlalamikaji. Kuna maelezo ya mashahidi, mengine yameandikwa kwa mwandiko wa kukimbia. Kuna PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari, kama mtu aliumizwa. Kuna ramani ya eneo la tukio, hati ya kukamata mali, fomu inayoonyesha kielelezo kilitoka mkono wa nani kikaenda mkono wa nani. Kuna maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, yaani aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Tuseme ni kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha usiku wa manane, na shahidi anasema, "Nilimtambua kwa sababu kulikuwa na mwanga." Jalada zima limesimama juu ya sentensi hiyo moja.

Wakili wa serikali mwenye haraka ataandika hati ya mashtaka. Aliyefundishwa akafundishika ataweka kalamu chini. Mwanga gani? Wa mbalamwezi, wa taa ya umeme, wa tochi iliyoshikwa na majambazi wenyewe ikimmulika yeye machoni? Alikuwa umbali gani? Alimwangalia kwa muda gani? Walikuwa wakifahamiana? Alimtaja kwa polisi usiku ule, au jina lilikuja baada ya siku nne mtu akiwa ameshakamatwa kwa jambo lingine? Maswali haya Mahakama ya Rufani iliyaweka bayana katika kesi ya Waziri Amani mwaka 1980, na kila mwanasheria wa nchi hii anayajua kama alivyojua nyimbo za mchakamchaka. Ajabu ni kwamba hadi leo yanaulizwa na majaji wa rufaa, mtu ameshakaa gerezani miaka minane, wakati yangeweza kuulizwa siku ya kwanza na mtu mmoja aliyeketi na jalada.

Kisha anageuza ukurasa wa maelezo ya onyo. Anatazama saa. Mtu alikamatwa saa ngapi, maelezo yalianza kuandikwa saa ngapi? Sheria inawapa polisi muda wa saa nne za kumhoji tangu kukamatwa, na wakitaka zaidi wafuate utaratibu wa kuongezewa. Akikuta mtu kakamatwa Jumanne asubuhi na maelezo yameandikwa Alhamisi jioni, anajua mahakamani patachimbika. Analirudisha jalada kituoni na dokezo: fanyeni hili, mhojini huyu, leteni ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Au anaandika kwamba ushahidi hautoshi, mtuhumiwa aachiwe.

Dokezo hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlitazame kuliko yote. Halitangazwi redioni. Mlalamikaji akilisikia anasema kuna rushwa imepita. Mpelelezi ananuna, maana alishasifiwa kwa kukamata. Hakuna anayempigia makofi wakili aliyekataa kushtaki. Na mimi nasema kipimo cha ofisi ile kipo hapo hapo, kwenye majalada iliyoyakataa na sababu ilizoziandika. Mwendesha mashtaka anayepeleka mahakamani kila anacholetewa na polisi amekuwa tarishi wao, na Katiba haikuhitaji kuongezewa ibara kwa ajili ya tarishi.

Ushahidi ukitosha bado kuna swali la pili, la maslahi ya umma. Bibi wa miaka themanini aliyekutwa na kuni za hifadhi, ushahidi upo wote. Je, umma unanufaika nini akisimamishwa kizimbani? Sheria inamruhusu Mkurugenzi kuuliza hivyo. Lakini swali hilo hilo lina upande wake wa pili, na hapa ndipo wengi wenu mnapata shida vijijini.

Binti wa kidato cha pili amepata mimba. Aliyempa anajulikana, ni jirani, ana ng'ombe. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Ubakaji wa mtoto wa chini ya miaka kumi ni kifungo cha maisha. Adhabu hizo zinajulikana kijijini kuliko mnavyodhani, na ndiyo maana vikao vinaitishwa usiku. Familia ya kijana inaleta ng'ombe, familia ya binti inapokea, mtoto anapelekwa kwa shangazi mkoa wa mbali. Wakili wa serikali anakuja mahakamani tarehe ya kwanza, shahidi hayupo. Tarehe ya pili hayupo. Ya tatu, hakimu anauliza kesi hii itaendelea mpaka lini. Inafutwa. Wiki hiyo hiyo kijiji kinasema serikali imekula hela.

Hapa namtetea mwendesha mashtaka. Mahakama ya Rufani ilishasema katika kesi ya Selemani Makumba kwamba ushahidi wa kweli wa kosa la kujamiiana unatoka kwa aliyetendewa. Akifichwa, daktari na PF3 yake hawawezi kuziba pengo lote. Ninyi mnaokaa vijijini ndio mnaojua binti yuko kwa shangazi yupi. Mtu akisema amepatana, mwambieni kwamba kosa hilo halina mapatano, na anayemficha shahidi anajitafutia kesi yake mwenyewe.

Nikimaliza kumtetea, nianze kumlaumu.

Nendeni mahakama yoyote siku ya mashauri ya kutajwa, mkae kwenye benchi la nyuma. Karani anaita namba. Mtu anapandishwa kutoka mahabusu, kandambili miguuni. Wakili wa serikali anasimama: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anaandika. Mshtakiwa ananyoosha mkono, anasema yeye hapa ana mwaka wa tatu. Hakimu anamwambia mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake, asubiri. Tarehe inapangwa baada ya wiki mbili. Dakika mbili zimetumika, pengine pungufu. Kesi za mauaji na za uhujumu uchumi ndivyo zinavyoanza: mtu anasomewa shtaka, anaambiwa hatakiwi kujibu kitu, anarudishwa rumande, halafu ndipo ushahidi unatafutwa.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili shtaka lisifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini someni mpaka mwisho: makosa makubwa yameachwa nje, yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu yakiwemo. Maana yake aliyeiba kuku amepata kinga, na anayetuhumiwa kuua, ambaye ndiye asiye na dhamana, hajaipata. Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti kwa Rais tarehe 15 Julai 2023, ililisema jambo hili la kukamata kwanza na kupeleleza baadaye. Tuliokaa benchi la nyuma hatukuhitaji tume kulijua, ila ni vizuri limeandikwa na watu wa heshima ile.

Tuje kwenye dhamana, maana hili ndilo linalojaza magereza yetu mahabusu.

Zamani Mkurugenzi wa Mashtaka aliweza kuwasilisha hati inayosema mtu fulani akipewa dhamana usalama au maslahi ya Jamhuri yatadhurika, na mahakama ikawa imefungwa mikono. Haikuuliza kwa nini. Mshtakiwa hakusikilizwa. Wakili Jeremia Mtobesya alikwenda Mahakama Kuu kupinga kifungu hicho cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, akashinda, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba kinavunja haki ya mtu kusikilizwa. Hati ile ikafa. Ilikuwa siku njema.

Lakini jirani ya kifungu kilichokufa kuna kifungu kilicho hai, chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Mahakama Kuu ilikibatilisha Mei 2020 katika shauri la Dickson Sanga. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Kwa hiyo leo, ndugu zangu, hati ya kuzuia dhamana haihitajiki. Inatosha kuchagua shtaka. Mtu amechelewesha kodi. Ukimshtaki kwa kodi, jioni yuko nyumbani. Ongeza shtaka la pili, la kutakatisha hizo fedha za kodi, na mtu huyo hataona nyumbani kwake mpaka kesi iishe. Hakuna hakimu aliyeamua alale ndani. Ameamua aliyeandika hati ya mashtaka, kwa mstari mmoja.

Mamlaka hayo ni makubwa mno kuachwa yategemee moyo mwema wa mtu. Mimi ningependa sheria imtake Mkurugenzi, anapomshtaki mtu kwa kosa lisilo na dhamana, aionyeshe mahakama tangu siku ya kwanza ushahidi alionao juu ya shtaka hilo hasa. Akikosa, dhamana ifunguke. Wenzangu wa ofisi ya zamani wananiambia nimesahau jinsi washtakiwa wakubwa wanavyotoroka na kutisha mashahidi. Sijasahau. Ila mtu akitoroka, aliyechunguza vizuri bado ana jalada lake. Aliyekaa miaka sita mahabusu kisha akaonekana hana hatia, hakuna ofisi inayomrudishia miaka hiyo.

Mtaona nguvu ya shtaka la utakatishaji mkitazama makubaliano ya kukiri kosa. Yaliingia kwenye sheria zetu mwaka 2019. Utaratibu wenyewe haunitishi: mshtakiwa na Jamhuri wanakubaliana, wanaandika, mahakama inasajili, na inamuuliza mshtakiwa kama amekubali kwa hiari. Unapunguza msongamano, unarudisha mali ya umma. Nchi nyingi zinao. Lakini kumbukeni ulivyoanza. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa waliokuwa rumande kwa uhujumu uchumi siku saba za kuomba msamaha na kurudisha fedha, kisha akaongeza nyingine saba. Mkurugenzi wa wakati ule akatangaza kwamba mamia ya washtakiwa wamekubali kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 100. Vichwa vya habari vilihesabu mabilioni. Sikuona kilichouliza ni wangapi kati yao walikiri kwa sababu walitenda, na wangapi walikiri kwa sababu gereza la Segerea hakuna dhamana na mke kashauza gari.

Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019. Kwanza zilisikika habari za uraia wake, baadaye akashtakiwa kwa kodi na utakatishaji fedha. Mama yake alifariki yeye akiwa mahabusu, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Februari 2020 alitoka baada ya makubaliano na malipo ya zaidi ya shilingi milioni 100. Sisemi alikuwa na hatia au hakuwa nayo; kesi haikusikilizwa, kwa hiyo hakuna kati yetu atakayejua. Ninachosema ni kwamba mtu aliye ndani anazungumza na mtu mwenye funguo, na hiari ya mazungumzo ya namna hiyo inatakiwa ipimwe na mahakama kwa macho makali kuliko swali moja la "umekubali kwa hiari yako?"

Kuna mlango mwingine wa kutokea, na huu ndio unaowachanganya watu kuliko yote. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza, wakati wowote kabla ya hukumu, kuiambia mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Mawakili wanauita kwa Kilatini, nolle prosequi. Hatakiwi kutoa sababu. Mahakama haina la kufanya ila kumwachia mshtakiwa papo hapo.

Juni 2021 masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, waliachiwa hivyo, Sheikh Farid Hadi na Sheikh Mselem Ali pamoja na wenzao, baada ya kukaa mahabusu kwa takriban miaka saba wakingoja kesi ya ugaidi. Tarehe 4 Machi 2022 Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, na wenzake watatu wakatoka kwa njia hiyo hiyo, wakati wiki mbili tu kabla ya hapo mahakama ilikuwa imesema wana kesi ya kujibu. Wengi tulifurahi watu kurudi makwao. Nilifurahi pia. Lakini jiulizeni furaha hiyo inasimama juu ya nini. Kama ushahidi haukuwepo, miaka saba ilikuwa ya nini? Kama ulikuwepo, uliondolewa kwa sababu gani? Sheria haimlazimishi mtu yeyote atujibu. Na anayeachiwa kwa njia hii hajaachiwa huru kwa maana ya kuonekana hana hatia. Kuachiwa kwenyewe hakumzuii Jamhuri kumshtaki tena kwa mambo yale yale. Mawakili wa utetezi tunayo mazoea ya kumwambia mteja asishangilie mpaka avuke geti, kwa sababu wapo walioachiwa ndani ya chumba cha mahakama wakakamatwa tena koridoni.

Wenzetu Kenya walipoandika Katiba ya 2010 waliliona hili. Ibara ya 157 inamzuia Mkurugenzi wao wa Mashtaka ya Umma kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Anateuliwa na Rais, lakini Bunge linamwidhinisha, anakaa miaka minane na haongezewi. Sitawaambia kwamba Kenya kesi za wakubwa hazifutwi. Zinafutwa, na magazeti yao yanalia kila mwaka. Tofauti ni kwamba inabidi mtu asimame mbele ya hakimu aseme sababu, na hakimu anaweza kukataa. Ningefurahi kuliona hilo hapa kabla sijastaafu.

Nisiwaache mkidhani ofisi ile ni ya kulaumiwa tu. Raia wa China Yang Feng Glan, aliyeitwa malkia wa pembe za ndovu, alikamatwa 2015 na kuhukumiwa katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, Februari 2019 kifungo cha miaka 15. Kesi ya namna hiyo ina mashahidi wa wanyamapori, simu, fedha, wakalimani. Kuijenga ni kazi ya watu wavumilivu. Na katika kesi za nyara na silaha kuna karatasi mbili tu, ridhaa ya Mkurugenzi na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka, ambazo zikikosekana au zikiandikwa vibaya mwenendo mzima unakuwa batili. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri kadhaa kwa kasoro hiyo, mtu ameshatumikia miaka. Mteja wangu akitoka kwa njia hiyo nashukuru, lakini najua kuna wakili wa serikali mahali fulani hakusoma karatasi yake.

Na kuna jambo moja hufanyika Mahakama ya Rufani ambalo wananchi hawalijui. Mfungwa anakuja bila wakili, ameandika sababu zake za rufaa kwa mkono, gerezani, kwa msaada wa wafungwa wenzake. Majaji watatu wanamsikiliza. Wakili wa serikali anasimama, na badala ya kutetea hukumu anasema: "Waheshimiwa majaji, tumepitia mwenendo wa shauri, tunaunga mkono rufaa." Anaeleza mwenyewe kasoro ambayo mfungwa hakuijua. Nimeyaona hayo mara nyingi. Mtu aliyefungwa miaka 30 anatoka kwa kauli ya upande uliomfunga. Wakili wa serikali afanyaye hivyo ameelewa mwajiri wake ni Jamhuri, ambayo mfungwa yule naye ni mwananchi wake.

Sasa la kazi, halafu maswali.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua, zitumieni ofisi za mashtaka za mkoa na wilaya. Mtu akija na malalamiko juu ya kesi, msimwandikie barua ya kurasa nne inayoanza na historia ya ukoo. Mahakama gani, namba ya kesi ipi, shtaka gani, tarehe ya kukamatwa, tarehe ya kwanza kufikishwa mahakamani, tarehe ijayo. Kama ni mahabusu, hesabuni amekaa miezi mingapi na mseme upelelezi umetajwa kuwa haujakamilika mara ngapi. Ndugu zake wanazo tarehe, wamezinukuu nyuma ya madaftari ya shule. Kama ni mlalamikaji anayeamini kesi imefutwa kwa hila, ulizeni kwa maandishi kama imefutwa na mahakama kwa kukosa mashahidi au imeondolewa na Jamhuri, kwa sababu hatua za kuchukua baada ya hapo ni tofauti. Kama shahidi anatishwa, msingoje tarehe ya kesi, pelekeni siku hiyo hiyo. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, nakala hiyo muitunze. Wiki tatu zikipita bila jibu, andikeni nyingine mkitaja ile ya kwanza, na nakala iende kwa hakimu mfawidhi.

Naona mikono imeshaanza kunyooshwa kule nyuma. Tuanze na dada wa Mpwapwa.